Amidi Murshid bin Sleyum, Pamoja na Sinan Kama Alivyoomba

Mabwana mliokaa humu sablani, ukumbi wa wanaume, na mabibi mlio upande wa pili wa ukuta mnaosikiliza kwa spika, Mungu akulipeni kheri kwa siku tatu hizi mlizotuacha tusikae peke yetu. Huu ni wasifu wa Amidi mstaafu Murshid bin Sleyum, tuliyemzika Alkhamisi. Anausoma mwanawe mkubwa, Safwan. Aliyeuandika ni mkewe, Nasriya bint Saud, ambaye yumo edani na kwa hivyo hawezi kuja kuusoma mwenyewe, ingawa mdomo anao. Safwan amekabidhiwa karatasi sasa hivi tu, na ameambiwa na mama yake asome kila kilichoandikwa, asiruke mstari. Nanyi karatasi zenu mnazo, zimechapishwa Ruwi asubuhi ya leo. Ile picha iliyo ukurasa wa nyuma msiigeuze bado.

Mtalisikia humu jina la Akidi mstaafu, yaani kanali, Sinan bin Fahd, yule aliyekaa pale mbele, kulia kwa Bwana Marhoon, kaka wa marehemu. Msishangae. Sinan mwenyewe aliomba, mbele ya mashahidi, atajwe katika wasifu huu, na akakubaliwa. Namna alivyokubaliwa itakuja mahali pake. Nyumba hii ikishatoa neno hailirudishi, kwa hivyo Sinan atatajwa hadi aridhike.

Murshid alizaliwa Unguja, mtaa wa Malindi, tarehe 14 Februari 1951, mtoto wa pili wa Bwana Sleyum bin Marhoon, mwenye duka la vitambaa, na Bibi Mwanamize. Alitangulia kwa miguu badala ya kichwa. Mama yake akisema mpaka mwisho wa umri wake kwamba mtoto yule alitoka tumboni anapiga kwata. Mwaka 1964, na sababu yake wakubwa mliomo humu mnaijua na leo si siku yake, familia ilihamia Mombasa kwa mama yake mdogo, watu tisa katika vyumba viwili.

Skuli aliianza Unguja akaimalizia Mombasa, Disemba 1969. Alikuwa wa pili darasani. Wa kwanza alizawadiwa kalamu ya wino, na Murshid, kwa kuwa kalamu ilikuwa moja, mwalimu wa historia alimpa kitabu chake mwenyewe, kikuukuu, kisichokuwa na jalada, kinachosimulia maisha ya wakubwa wa Roma ya kale. Kitabu hicho kipo. Kimekaa meza ya kitandani kwake miaka hamsini na sita, na mkewe alikuwa akikipangusa vumbi kwa roho mbaya, maana kilikuwa mke mwenza.

Humo ndani Murshid alimpata mtu wake. Gaius Marius, mtu wa shamba, hana babu wa kujivunia, aliyeingia jeshini na kupanda kwa jasho lake. Jenerali huyu aliwaambia askari wake kila mtu abebe mzigo wake mwenyewe, na yeye akabeba wake, hadi watu wa mjini wakawacheka na kuwaita nyumbu wa Marius. Wakubwa walimdharau kwa sababu hakusoma Kigiriki, na Kigiriki ndiyo ilikuwa lugha ya watu waliostaarabika. Na mtu huyo huyo akaingia katika siasa, akachaguliwa mkuu wa dola mara saba, cheo ambacho wenziwe walikipata mara moja wakashukuru.

Basi Novemba 1971 Murshid akashuka Maskati, umri miaka ishirini, ana sanduku moja, kile kitabu, Kiswahili, Kiingereza, na Kiarabu cha kuombea dua tu. Akafikia Ruwi, chumbani kwa Bwana Marhoon aliyekuwa ametangulia. Tarehe 4 Machi 1972 akajiunga na jeshi. Kila alipofungua mdomo, kambi nzima ilicheka. Wengine wangerudi nyumbani. Yeye alijiambia kwamba Mrumi wake naye alichekwa kwa lugha. Lakini hapa alimzidi Mrumi, maana yule alikataa kujifunza Kigiriki mpaka kufa kwa kiburi, na Murshid katika miaka miwili alikijua Kiarabu kiasi cha kumtukania mtu gari lake.

Alipanda cheo baada ya cheo hadi mwaka 2003 akawa Amidi, hatua moja chini ya jenerali. Nyumbani tulimwita Jenerali hivyo hivyo, kumtania, na yeye akiitika. Mzigo wake aliubeba mwenyewe kila safari, na maafisa wake aliwabebesha yao, na wakimsema kisirisiri. Nguo ya jeshi aliipenda, lakini palipokuwa na kazi ya kuchafuka alivua shati lenye vyeo akabaki na fulana, akidai kwamba vyeo vikiroa havikauki vizuri. Kaeni na jambo hili la fulana, mtalihitaji mbele.

Ndoa yake na Nasriya ilifungwa tarehe 20 Disemba 1979, na namna alivyoposa lazima isemwe, si kwa sababu ya mahaba tu. Kwa wajukuu mliozaliwa na simu mkononi: mtu mwenye haja nzito akienda nyumba ya mwenziwe huiweka finjani ya kahawa chini, haionji. Mwenye nyumba akiiona humuuliza haja yake. Akiikubali humwambia anywe, na akishakunywa, neno limefungika, halina kurudi. Murshid alikwenda kwa Mzee Saud, baba yake Nasriya, akaiweka finjani chini. Mzee Saud alikuwa mtu wa mjini. Aliiona, akajifanya haoni. Akazungumza habari ya mvua, akazungumza habari ya mbuzi wa jirani, kahawa ikapoa mpaka ikafanya utando.

"Mbona hunywi, kijana?" hatimaye akamuuliza. "Kahawa yetu mbaya?"

"Hasha, mzee. Nna haja."

"Haja gani?"

"Nasriya."

"Hiyo ndiyo haja yote, au ndiyo mwanzo wa haja?"

"Ndiyo yote, mzee."

"Basi kunywa."

Akainywa ya baridi, na utando wake. Mnaona lakini? Mzee Saud aliuliza kwanza, ndipo akasema kunywa. Kila mwenye akili hufanya hivyo.

Walijaaliwa watoto wawili, Safwan mwaka 1981 na Balqees mwaka 1985. Kila Alkhamisi baada ya Alasiri mlango wa nyumba ulikuwa wazi, na Murshid akiwakalisha watoto na maafisa wake vijana, akiwasimulia Mrumi wake kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kiarabu, huku Nasriya akipitisha sambusa na kusikiliza kutoka mlangoni. Kisa alikigawa vipande, kipande kwa wiki. Alkhamisi moja vilipiganwa vita, nyingine jeshi likala bila chumvi, nyingine uchaguzi ukaenda mrama. Hakuna aliyelala.

Mwaka 1994 alikuja Alkhamisi hizo luteni mmoja wa miaka ishirini na tatu, kijana mzuri, mwenye haya, mama yake kishafariki. Huyo ndiye Sinan. Haya, ametajwa mara ya kwanza katika maisha ya marehemu, na kwa wema, maana wakati huo alistahiki. Murshid alimpenda. Alimfundisha kazi, alimsomea barua zake kabla hajazipeleka juu, alimwombea kozi, alimtafutia mchumba. Nasriya akimwekea ukoko wa wali sahani ya peke yake, ukoko ambao Safwan na Balqees waliulilia wasiupate. Alimwita Nasriya mama. Mama! Kwa miaka ishirini na moja.

Na alikuwepo siku ya kisa cha pete. Marius alikuwa akipigana na mfalme mmoja wa kaskazini ya Afrika, vita virefu, jasho na damu. Mwisho mfalme yule alikamatwa kwa khiyana ya mkwewe, na aliyetumwa kwenda kumpokea alikuwa afisa kijana wa Marius, jina lake Sulla. Marius ndiye aliyevipigana vita. Sulla alikwenda tu kumchukua mtu. Lakini Sulla aliporudi alichongesha pete, ndani yake picha ya yeye amekaa na mfalme anakabidhiwa kwake, na akaivaa, na kila barua akaipiga muhuri kwa pete ile, mpaka watu wakaamini. Nasriya anamkumbuka Sinan alivyocheka na sambusa mdomoni.

"Pete ya nini, ami?" akauliza. "Si watu wote walikuwa wanajua?"

"Wanaojua hufa," Murshid akamjibu. "Pete haifi."

Kumbe mwanafunzi alikuwa akiandika moyoni.

Tarehe 6 Juni 2007 kimbunga kiliipiga Maskati. Wadi ya Sidab, lile bonde la maji ya mvua, iliteremka na magari na milango ya watu. Murshid, umri miaka hamsini na sita, alikwenda na lori mbili na askari kumi na wanane, na msaidizi wake Sinan. Alilisimamisha lori moja mahali pa juu, akampandisha Sinan akae na kipaza sauti awatulize watu, kwa kuwa sauti nzuri anayo. Yeye akavua shati la vyeo, akafunga kamba kiunoni, akaingia majini na fulana. Saa sita. Waliwatoa watu sitini na moja. Watu wa Sidab mliokuwepo mlimwona Sinan juu ya lori, nguo safi, vyeo vinang'aa, anakupigieni kelele za matumaini. Na mliona askari mmoja mzee, kajaa tope, anapokea na kupeana watoto. Hamkumuuliza jina. Nani angemuuliza jina mtu wa fulana? Hatukulaumuni.

Mtoto wa mwisho kutolewa alikuwa Malak, msichana wa miaka minne. Ami yake, marehemu Sleiman, alikuwa juu ya dari na kamera yake ndogo, akapiga picha wakati Malak anapandishwa kwenye lori. Wiki ya pili Sinan alimwendea Sleiman akaomba nakala, akasema anataka kuitia fremu amzawadie Amidi wake. Sleiman akampa. Amidi wake fremu hiyo hakuiona.

Murshid alistaafu mwaka 2009. Watu wakamshika, gombea, gombea, na Oktoba 2011 wakamchagua kwenda barazani. Semeni kweli: mwanasiasa hakuwa. Hakujua kucheka na mtu asiyempenda. Mrumi wake naye alikuwa hivyo, simba vitani na kiziwi kwenye mikutano. Kikao kimoja Murshid aliuliza mbele ya watu wote nani aliyeandika ripoti ile, maana kurasa mbili zilikuwa zinapingana, na aliyeiandika alikuwa amekaa ubavuni mwake. Lakini alikwenda na kurudi miaka minne, faili kwapani, kuomba ukuta wa kuzuia maji ya wadi ya Sidab, mpaka ukapitishwa. Utepe wa ukuta huo ulikatwa mwaka 2016. Na mwenye mkasi alikuwa Sinan.

Maana mwaka 2015, alipokwenda kuomba kura mara ya pili, aliyesimama kushindana naye alikuwa nani? Yule yule wa ukoko. Hakuja kumwambia. Nasriya alijua kwa karatasi iliyosukumwa chini ya mlango wake mwenyewe. Juu ya karatasi, picha: Sinan, nguo safi, mvua inapiga, amempakata Malak. Chini yake maneno matatu: "Siku ile, alikuwepo." Na mdomoni mwa wapambe wake, kutoka sabla hadi sabla, yakaongezwa ya pili: kwamba Murshid siku ya kimbunga alikuwa ofisini Al Khuwair anakunywa chai.

Picha ile ilikuwa imekatwa. Ukiitazama haraka huoni. Nasriya hakuitazama haraka. Pembeni, chini, kuna mkono umeushika mguu wa Malak, mkono usiokuwa na mwenyewe. Kidole chake cha mwisho kimepinda. Kidole hicho kilivunjika mwaka 1983 kwa mlango wa gari, na Nasriya ndiye aliyekifunga kitambaa. Mke hata haujui mkono wa mumewe?

"Murshid, sema," akamwambia.

"Niseme nini?"

"Kwamba ulikuwepo! Kwamba mkono ni wako!"

"Nipite nyumba kwa nyumba, Nasriya, nikiwaambia watu kuwa nilirowa? Mtoto kapona. Basi."

Alishindwa kwa kura arubaini na moja. Mrumi wake, alipotolewa Roma na Sulla huyo huyo, alijificha kwenye kinamasi tope likamfika shingoni, kisha akavuka bahari akaenda kukaa peke yake juu ya magofu ya Karthago. Murshid alikaa barazani mwa nyumba yake. Alkhamisi zikaendelea, ila wanaokuja wakapungua, maana waliokuwa wakija kwa cheo walikwenda kwa mwenye cheo. Na kisa kila alipokisimulia alikikatisha pale kwenye magofu. Safwan akimsukuma, "Kisha, baba?" yeye akifunga kitabu. "Hapo ndipo pazuri," akisema. "Mtu mzima amekaa juu ya kifusi chake, ametulia. Yanayofuata hayana adabu." Aliyesoma yaliyofuata ni Nasriya, peke yake, kitabu kile kile.

Yaliyofuata ni haya. Marius alirudi Roma na jeshi, mzee wa miaka sabini, nywele hajazikata tangu alipofukuzwa. Akapita mitaani, na watu wakaja kumsalimu. Ambaye Marius alimjibu salamu, alisalimika. Ambaye hakumjibu, walinzi wake walimuua pale pale, mkono wa salamu haujashuka. Hakutoa amri. Alinyamaza tu. Akapata ule ukuu wake wa mara ya saba, na siku ishirini hazikutimia, akafa.

Sasa mtafahamu jambo ambalo Nasriya alichelewa kulifahamu. Baada ya 2015, kila Murshid alipokutana na Sinan, msikitini, harusini, mazikoni, Sinan akitoa salamu kwa ile sauti yake nzuri, na Murshid akimjibu. Kamili, na rehema na baraka zake. Nasriya akikasirika. Loo, mtu kakuchinja na bado unamuombea amani!

Ugonjwa wa moyo ulimwanza Machi 2023, ukamlaza mara tatu. Mara ya mwisho alilazwa tarehe 29 Disemba mwaka jana. Tarehe 3 Januari Sinan alikuja kumwangalia. Hakuja na tunda, alikuja na mtu wa kumpiga picha, maana uchaguzi ni mwakani, na yeye chaguzi mbili zilizopita kaangushwa na sasa anataka kurudi. Akasimama kando ya kitanda, akainama vizuri, akasalimu. Murshid sauti alikuwa hana tena. Ilimchukua muda kuivuta, lakini aliivuta, akamjibu. Walipotoka Nasriya alimuuliza kwa uchungu, "Kwa nini unamjibu?"

"Ili asidhani," akasema Murshid, akapumzika, "ili asidhani nimemuua."

Alifariki Alkhamisi tarehe 15 Januari 2026, saa mbili na robo asubuhi, mkono wake wenye kidole kilichopinda umo mkononi mwa mkewe. Akazikwa baada ya Alasiri, saa yake ya kisa.

Sasa ile habari ya kukubaliwa. Ijumaa, siku ya kwanza ya azaa, haya matanga yetu, Sinan aliingia sablani hapa, akamiminiwa kahawa, akaiweka finjani chini. Bwana Marhoon, Mungu amweke, ana ukarimu kuliko subira. Alipoiona tu finjani chini, siku ile, na macho yake yamevimba kwa kumlilia ndugu yake, aliropoka: "Kunywa, Sinan, kunywa mwanangu, haja yako imepita."

Imepita! Haja ambayo hajaiuliza! Mzee Saud huko aliko aligeuka. Sinan aliimaliza kahawa kwa funda moja, ndipo akaifungua haja.

"Ni ndogo, ami Marhoon. Siku ya tatu nitajwe kwenye wasifu. Watu wajue nilivyokuwa na marehemu, tokea jeshini hadi barazani."

Sabla nzima ilifahamu anachotaka. Anataka jina la Murshid limbebe mwakani. Alilichukua Murshid akiwa hai, likamfaa mara moja. Sasa alikuja kulichukua tena, kaburi lake bado bichi, na safari hii alitaka apewe na wenyewe kwa mikono miwili. Bwana Marhoon alikuja mlango wa wanawake anajipangusa uso.

"Shemegi, nimeharibu."

"Hujaharibu, shemegi," Nasriya alimwambia kutoka nyuma ya pazia. "Umeahidi, tutatimiza. Mwambie atatajwa. Mwambie mjane mwenyewe ataandika."

Wallahi wakati ule hakuwa na kitu mkononi. Alikuwa na hasira tu, na kidole kilichopinda kwenye karatasi ya zamani. Watu wangesema mjane kachanganyikiwa kwa msiba, masikini, anaona mikono. Lakini Jumamosi, siku ya pili, aliingia upande wa wanawake msichana wa miaka ishirini na tatu, hakuna aliyemjua, anauliza Bibi Nasriya ni yupi. Akapiga magoti mbele yake, akatoa bahasha.

"Mimi Malak," akasema. "Mwezi uliopita shangazi alihama nyumba, akanipa kijisanduku cha bati chenye picha za ami Sleiman. Niliikuta hii. Nikaona mtu simjui. Alkhamisi tangazo la msiba likanifikia kwenye simu, na picha ya marehemu. Bibi, nisamehe. Miaka yote kila Idi nilipelekwa kumbusu mkono yule mwingine."

Walilia wote wawili, na Balqees akalia, na wasiojua wanalilia nini wakalia. Kisha Nasriya akafuta macho, akaomba kalamu.

Geuzeni karatasi sasa. Safwan, mwanangu, kunywa maji kidogo uwangoje wageuze.

Hiyo ndiyo picha nzima, haikukatwa. Juu ya lori, Sinan, hana tope. Kati, Malak. Na chini, maji yako kifuani, kamba kiunoni, tope mpaka nyusi, fulana, kidole kilichopinda kimeushika mguu wa mtoto, huyo ni Murshid bin Sleyum. Mtazameni uso. Hamwangalii mpiga picha wala Sinan. Anamwangalia mtoto kama kafika. Siku ile, alikuwepo.

Anajua Nasriya kwamba Murshid angekasirika. Angefunga kitabu, angesema yanayofuata hayana adabu. Basi na akasirike, amngoje huko, wakikutana watagombana kama walivyogombana miaka arubaini na sita na wakapatana. Yeye alikuwa mtu wa kusamehe, na msamaha wake umekwenda naye. Nasriya hakuachiwa, na hakuuomba. Ana hasira, na hana haya nayo, na usiku wa kuamkia leo amelala usingizi mzuri kwa mara ya kwanza tangu Alkhamisi.

Marehemu ameacha mjane mmoja, mtoto mmoja wa kiume na mmoja wa kike, wajukuu watano, na kaka mmoja, Bwana Marhoon, ambaye kuanzia leo atauliza kwanza. Ameacha ukuta mmoja Sidab, na watu sitini na moja, na Malak miongoni mwao, ambaye mwakani ana kura. Ameacha kitabu kisichokuwa na jalada, ambacho Safwan atakisoma Alkhamisi inayokuja baada ya Alasiri, mpaka mwisho. Sinan hakuachwa na marehemu. Aliondoka mwenyewe, mwaka 2015.

Safwan, ukimaliza hapa Sinan atasimama akupe salamu, maana adabu ya nje anayo. Mjibu, ni faradhi, na baba yako alikuwa akimjibu. Kisha lichukue dele la kahawa mwenyewe, mmiminie moto, mpe finjani mkononi mbele ya watu hawa wote. Alichoomba amepewa. Kama amebakisha haja nyingine, aiweke chini hiyo finjani, na safari hii tutamuuliza ni nini.

Na wewe Murshid, lala. Shati lako la vyeo limekauka, limepigwa pasi, liko kabatini. Mola akupokee kwa mikono uliyowapokelea watoto wa watu, na akupe utulivu usioombewa kura na mtu.